Maswali yenu: machozi, vicheko na kamera siku ya harusi

Wiki hii wengi mmeuliza kitu kimoja, mbona picha za harusi zinatoka safi lakini watu ndani yake wanakaa wamechongwa. Mimi napiga harusi hapa Kisumu na pande za Siaya na Kakamega, so najibu venye nimeona kazini.

*Naolewa Disemba, Nakuru. Kamera ikinigeukia tu nakakamaa. Nifanyeje?*

Dada, hauna shida yoyote, ni vile unaambiwa "cheka" na mtu hata humjui. Kicheko cha kulazimishwa kinaishia mdomoni. Kuna daktari Mfaransa anaitwa Duchenne, tangu 1862 alionyesha kwamba furaha ya kweli inavuta pia misuli ya kuzunguka macho, na hio ya macho si rahisi kuiamrisha. Kwa hivyo mwite fotografa wako mapema, aje hata ruracio, ile siku ya mahari, akule na nyinyi, ndio siku ya harusi ikifika umeshamzoea. Alafu msisimame tu mkingoja kupigwa, tembeeni, mwambie bwanako kitu sikioni, fotografa akae mbali akitumia lenzi ya 85mm, ile ya kuvuta watu karibu, awaache.

*Naanza hii kazi hapa Kakamega. Kila mara mama akilia, nikiinua kamera ameshapangusa machozi. Nakosea wapi?*

Kaka, unangoja chozi, na chozi linakuja mwisho. Kabla lishuke kidevu kinatetemeka, mtu anameza mate, anaangalia juu, mkono unaingia kwa mkoba kutafuta leso. Hapo kamera inafaa iwe iko jichoni tayari.

Lakini kubwa zaidi ni kuuliza. Siku 2 kabla ya harusi mimi humpigia simu dada ya bibi harusi, namuuliza nani alimlea, nani alimlipia fees, nani hayuko tena, nani hawajaonana miaka. Harusi moja huko Ugunja niliambiwa bibi harusi alilelewa na nyanya yake, basi watu wote walipokimbilia keki mimi nikakaa karibu na nyanya chini ya tenti. Msichana akaja akapiga magoti kumlisha keki. Nyanya hakulia. Alimshika ule mkono, akaugeuza kiganja kikaangalia juu, akapitisha kidole gumba polepole juu ya alama ya zamani ya kuchomeka, kama mtu anahakikisha bado iko. Hio picha haina uso hata mmoja, ni mikono miwili na makombo ya keki, na ndio waliitundika sebuleni.

Sasa sikia venye nilikosea siku hio hio. Niliipenda ile picha nikainama kuiangalia kwa skrini, na nilipoinua kichwa baba ya bibi harusi, amesimama nyuma yao, alikuwa anarudisha miwani baada ya kupangusa macho. Ilinipita na sitaipata tena. So jambo likiisha usishushe kamera, hesabu mpaka 5 kwanza. Na mwanga ukiwa mdogo usiogope kupandisha ISO, ile ya kuongeza kamera nguvu ya kushika mwanga, hadi 3200, chembechembe kwa picha mtu atasamehe, uso ulioyumba hapana, weka shata, yaani kasi ya kupiga, 1/250 ya sekunde watu wakisonga.

*Mchungaji wetu amekataa flashi kanisani. Picha si zitaharibika?*

Haziharibiki. Lenzi ya 50mm ikifunguliwa wazi hadi f/1.8 ndio iingize mwanga mwingi, shata ya kimya, usimame upande unaopata mwanga wa dirisha. Hata ni afadhali, flashi inakumbusha watu kila dakika kwamba wanaangaliwa.

*Tutapiga picha saa 7 mchana hapa Kisumu, kuna ubaya?*

Uko. Tuko karibu kabisa na ikweta, saa hizo jua liko utosini na macho yanageuka mashimo meusi, na hisia ziko machoni. Ingieni chini ya mwembe. Kama mnataka mwanga laini wa Dunga kando ya ziwa muwe mmefika saa 11 na nusu jioni, kwa sababu huku jua linashuka wima na ule mwanga hauchukui muda, na aki programu za harusi zetu huchelewa.

*Nilimpiga baba ya bibi harusi akilia, picha kali sana. Naweza kuipost kwa ukurasa wa biashara yangu?*

Muulize kwanza. Yeye mwenyewe, bibi harusi hawezi kumsemea. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Data imeshaadhibu biashara zilizoweka picha za watu mtandaoni bila ruhusa yao. Lakini hata kama sheria haingekuwa, huyo mzee alilia mbele ya watu wake, hakulia mbele ya wateja wako. Akikataa, printi moja, iweke kwa bahasha, umpelekee mkononi.