Kiwanja cha urithi: muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi

Usilipe. Umeandika kwamba muuzaji ni mtoto wa kwanza wa marehemu, kwamba kiwanja hicho cha Chanika hakijapimwa, na kwamba umeoneshwa muhtasari wa kikao cha ukoo wenye mhuri wa serikali ya mtaa. Kisha unauliza gharama za wakili, namna ya kugawa malipo, na kama unaweza kuchimba msingi kabla ya kupata hati. Yote hayo yanasubiri swali ambalo hukuliuliza: mahakama imemteua nani kuwa msimamizi wa mirathi?

Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Anayeteua ni mahakama, baada ya maombi kufunguliwa na tangazo kutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa Mahakama ya Mwanzo uteuzi huo hutolewa kwa Fomu Na. 4. Asiye na uteuzi huo, hata awe kifungua mimba mwenye mvi hadi kwenye nyusi, hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu.

Nilinunua kwa muhtasari wa namna hiyohiyo. Ulikuwa na majina ya warithi watano, mhuri wa zambarau uliogongwa upande, na saini tano ambazo, nilipozitazama tena nikiwa kwenye benchi nje ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, zote zilikuwa na mkia uleule uliopinda kushoto. Binti wa marehemu aliyeolewa Tanga hakuwahi kuhudhuria kikao chochote. Habari za mauzo zilimfikia nyumba yangu ikiwa imeshafika kwenye lenta. Alifungua mirathi, akateuliwa yeye, akatushtaki mimi na kaka yake, na baraza likaamua kwamba mauzo yalikuwa batili. Nikaambiwa nimdai kaka mtu fedha zangu, haki tamu sana kuwa nayo dhidi ya mtu aliyekwisha kununua bodaboda mbili na kuzigonga zote. Kuhusu lile boma, nasikia kuku wa jirani wanalisifu.

Dalali ndiye aliyeniambia kwamba mirathi ni mambo ya wenye maghorofa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye alichukua asilimia 10 ya bei, akaiita ya ofisi, bila stakabadhi, ilhali hakuna sheria inayompa fungu hilo. Nilipomfuata baada ya uamuzi, alinijibu kwa upole kwamba yeye alishuhudia watu wakitia saini, hakushuhudia umiliki. Katika shughuli nzima, hilo ndilo neno la kweli pekee lililotoka ofisini kwake.

Wasije hapa wanaosema kwamba ningefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: ardhi isiyosajiliwa haina kumbukumbu huko ya kupekuliwa. Majirani niliwauliza pia, nao walinionesha mipaka kwa uaminifu mkubwa, hadi mti wa mkorosho uliopandwa na marehemu. Tatizo ni kwamba sikuwauliza marehemu aliacha watoto wangapi.

Kwa hiyo, kabla hata shilingi moja haijatoka mfukoni, idai Fomu Na. 4 yenyewe, nakili namba ya shauri, kisha nenda wewe mwenyewe katika mahakama iliyoitoa umwombe karani aihakiki kwenye jalada, kwa sababu mihuri huchongwa mitaani. Ukiwa hapohapo, uliza kama orodha ya mali, yaani Fomu Na. 5, imewasilishwa, na kama kiwanja hicho kimo. Ikiwa mali imekwisha kugawiwa, muuzaji wako ni yule aliyepewa kiwanja katika mgawo, si aliyezaliwa mwanzo. Warithi wapigie simu mmoja mmoja kwa namba ulizozitafuta mwenyewe, wala si zile za dalali, na mjane usimruke.

Kuhusu wakili, malipo na msingi, watakujibu wengine, kwani mimi nilipofika kwenye neno «muhtasari» sikuendelea kusoma kwa utulivu. Muuzaji akikwambia kwamba yupo mnunuzi mwingine anayesubiri na fedha taslimu, mwambie amuuzie huyo.