Mleta mada, usitoe hiyo advansi Ijumaa

Dada, simama hapo hapo. Umeandika kwamba mwenye vibanda vya michezo vya kukodisha kakwambia "michezo inajilipa yenyewe", na Ijumaa unampelekea advansi ya vibanda vitatu kwa ajili ya bonanza la mtaa wenu huko Sombetini. Nilikuwa nakunywa chai niliposoma hapo, ikanipalia. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka juzi. Kama ni mtu yule yule sijui, lakini wimbo ni ule ule.

Umeuliza mengi: vibanda vingapi vinatosha watu 300, ukodi Arusha au ufuate Moshi, kibali, jenereta, watoto wadogo wacheze nini. Baadhi nitayafikia. Kwanza usikie yaliyonikuta.

Nilikuwa mhazini wa kamati ya bonanza hapa Pasua, Moshi. Tulitaka hela ya matundu mawili ya choo cha chekechea ya mtaa. Mimi ni Mchaga, na tunasemwa biashara iko kwenye damu. Yangu nadhani iliongezwa maji hospitali. Tukampata jamaa mmoja wa Arusha, simtaji, ana vibanda vinne: kuangusha makopo, kurusha pete kwenye chupa, kupasua maputo kwa vishale, na kuvua samaki wa plastiki kwenye beseni kwa ndoano ya sumaku. Kila kibanda 60,000 kwa siku, jumla 240,000. Kirikuu cha kuvileta 100,000. Akaniambia kwa sauti ya mchungaji, "Kaka, hapa anayeshinda ni mmoja katika kumi. Nina uzoefu."

Nikachukua kalamu. Tiketi 500. Tukiuza tiketi 2,000, hiyo ni milioni moja. Akishinda mmoja katika kumi, zawadi 200. Tukanunua zawadi 200 kwa wastani wa 2,000 kila moja: mabeseni madogo, madaftari, vikombe, soda, midoli michache ya manyoya ya kutamanisha. Laki nne. Toa vibanda na usafiri, tunabaki na 260,000. Kikao kikapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu, na kulikuwa na walimu wawili pale, aliyeuliza huyo "mmoja katika kumi" kamhesabu nani, lini, wapi.

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa saba, mawingu yamefunika mlima na baridi yake ile. Kirikuu kilichoahidiwa saa mbili asubuhi kikaingia saa nne na nusu, mabomba yamechomoza nyuma kama mishikaki. Dereva anasema alisimama Boma Ng'ombe kula nyama. Sawa. Saa tano tukaanza.

Makopo yalikuwa ya maziwa ya unga, matupu, sita: matatu chini, mawili katikati, moja juu. Kwa tiketi moja unapewa mipira mitatu ya tenisi, na mstari wa kusimama uko hatua mbili tu kutoka mezani. Yote yakianguka, umeshinda. Sasa mfikirie mtoto wa Pasua, mtu aliyejifunza kutembea akiwa na jiwe mkononi, anayeangusha parachichi la jirani bila kugusa jani. Huyo ndiye unayempa mipira mitatu kwa kopo tupu? Ndani ya robo saa walishagundua kwamba kopo la juu hupigi. Unapiga chini, pale makopo mawili yanapokutana, la chini likitoka yote yanakuja. Wakaanza kufundishana kwenye foleni. Kuna mmoja, hajafika darasa la nne, alishinda mabeseni matano. Mama yake akaja kuuliza kama tunayo ya rangi moja.

Pete nazo zilikuwa balaa lake. Mchezo ule unategemea pete iwe ngumu, tena ipite shingo ya chupa kwa taabu, ili ikigonga iruke pembeni. Kumbe za huyu bwana zilipotea zamani, akakata mpira wa kumwagilia maua akaunganisha, zikatoka laini na pana kama sahani ya kikombe. Zilikuwa zinatua kwenye chupa kama kofia kichwani. Maputo alikuwa ameyajaza upepo hadi mwisho. Wazoefu huyajaza nusu, kishale butu kikifika puto linabonyea tu. Jua lilipotoka saa sita yakaanza kupasuka yenyewe, na bibi mmoja akadai zawadi kwa puto lililopasuka wakati bado analenga. Tulimpa. Ungebishana naye wewe?

Samaki sitawazungumzia. Walikuwa sawa.

Saa saba kasoro nikaenda kwenye meza ya zawadi nikakuta vikombe vitatu na mdoli mmoja asiye na jicho. Zawadi 200 zimeisha, tiketi zilizokwisha kuchezwa ni kama 600. Mmoja katika tatu, wakuu! Siyo kumi. Na tiketi nyingine 140 ziko mikononi mwa watu, wamepanga foleni, wanaimba. Tukazirudishia hela zote, 70,000, kwa sababu ukishamuuzia mtu wa mtaa wako tiketi halafu ukamwambia zawadi zimeisha, hiyo habari utaikuta msikitini, kanisani na kwenye vikoba wiki hiyo hiyo.

Hesabu ya mwisho: mkononi 300,000. Tumetumia 740,000. Hasara 440,000. Halafu yule bwana akakata amana yetu yote ya 50,000 kwa madai kwamba mipira miwili imepotea na kopo limebonyea. KOPO limebonyea. Kwenye mchezo wa kupiga makopo.

Nilimpigia jioni ile. Unajua alinijibu nini? "Kaka, watoto wenu wana shabaha sana." Basi. Hakuna pole. Mtu mzima, anakodisha vitu hivi kila wikiendi, anajua pete si zenyewe, anajua mstari uko karibu, na kwake haijalishi, maana yeye analipwa kwa siku. Ukipata ukikosa, 60,000 yake ipo palepale. Hapo ndipo "inajilipa yenyewe" ina ukweli: inamlipa yeye.

Hasara ya hela ningeivumilia. Kilichoniuma ni maneno. Kikao kilichofuata kulikuwa na minong'ono kwamba mhazini kala, na nilisimama na mfuko wa risiti kama mshtakiwa. Mwisho nikatoa 150,000 mfukoni kwangu kupunguza aibu. Mke wangu hajui. Hayupo jukwaa hili, naomba ibaki hivyo.

Basi hii ndiyo ninayotaka uishike, mengine yote utayasahau mimi siudhiki: RUSHA MARA MIA KABLA HUJATOA SENTI. Nenda alipo, mwambie asimamishe kibanda kama kitakavyokuwa siku yenyewe, vifaa vile vile, mstari ule ule. Cheza tiketi 100. Kama ni mipira mitatu kwa tiketi, ni mipira 300, mkono utauma, ndiyo maana unakwenda na watoto. Weka alama kwenye daftari kila anaposhinda mtu. Ukimaliza unayo namba yako mwenyewe, siyo ya mdomo wake. Zidisha hiyo namba kwa bei ya wastani ya zawadi, gawa kwa mia, ndiyo gharama ya zawadi kwa kila tiketi unayouza. Sisi tungefanya hivyo tungeona mapema kwamba tunauza kwa 500 kitu kinachotugharimu karibu 700 kabla hata ya kodi ya kibanda.

Mimi nilifanya baada ya kuliwa. Nikapanga makopo sita uani, nikarusha mimi na kijana wangu wa miaka tisa. Katika tiketi 100 tulishinda 46, na zaidi ya nusu ni zake, jambo ambalo amelitangaza ukoo mzima.

Mwaka jana tukakodi vibanda viwili tu kwa mtu mwingine, na nilikwenda kurusha wiki mbili kabla. Makopo matatu ya chini tukayatia mchanga, mstari ukasogea hatua moja nyuma, mipira ikawa miwili badala ya mitatu, tena ya soksi iliyojazwa matambara. Nikarusha mia: nikashinda 11. Na kabla hamjaanza kuniita tapeli, kila mtu aliruhusiwa kunyanyua kopo akaona uzito wake, na watoto wadogo walikuwa na mstari wao wa mbele. Tulibaki na 215,000 safi. Choo kina bati sasa.

Umeme: vibanda vya mchana havihitaji. Muziki ni shauri jingine. Kibali mimi nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, akatuandikia kwenda kwa mtendaji wa kata, na polisi tukapeleka barua. Kama katika hivyo vibanda vyako vitatu kuna gurudumu la kuzungusha, liache huko huko. Lile halina shabaha wala ustadi, ni kubahatisha kutupu, na hayo yana Bodi yake ya Michezo ya Kubahatisha na sheria ya mwaka 2003. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, na wewe bonanza lako ni la watoto.

Kuna jingine uliuliza, nadhani kuhusu idadi ya vibanda. Inategemea namba utakayopata ukirusha, kwa hiyo turudi kule kule: umerusha?

Ijumaa nenda kwake, lakini bahasha iache nyumbani. Chukua mtoto mmoja wa jirani, siyo yule mpole anayeimba kwaya, chukua yule anayevunja vioo. Akishinda zaidi ya 15 katika mia na mwenye mali hataki kusogeza mstari, mrudishie mpira wake mpande bodaboda. Ukikosa mtoto, niite. Nauli ya Kosta kutoka Moshi utalipa wewe, na mkono wangu siku hizi uko vizuri.