Dada, andika kidogo cha leo

Pole sana, dada yangu. Umeuliza utauonaje uaminifu wa Mungu wakati mume amesimamishwa kazi, mama amelazwa na kodi ya nyumba unadaiwa. Usijilazimishe kushukuru kwa makubwa ambayo hayajaja. Yale maneno ya rehema mpya kila asubuhi, Maombolezo sura ya 3, yamo katikati ya kilio cha Yerusalemu iliyobomolewa na Wababeli. Kwa hiyo lia tu, hujamkosea.

Mwaka niliomzika baba, hapa hapa Dodoma, nilikuwa na daftari la shule lenye madoa ya mafuta ya taa. Kila usiku mstari mmoja. "Jirani kaleta ugali wa uwele na mlenda, hakuuliza kitu." "Mtoto kalala bila homa." Siku nyingine niliandika tarehe tu, basi. Nilipolisoma baada ya miezi mitatu nilitokwa na machozi: hakuna hata siku moja tuliyolala njaa.

Anza leo. Nani amekupigia simu? Na hilo la kodi, mwambie mzee wa kanisa au mama wa jumuiya yako waziwazi, leo hii. Wengine wanangoja tu kujua.