Helmeti na mtikisiko wa ubongo

Je, helmeti ya bodaboda humkinga mtu kabisa na mtikisiko wa ubongo? Hapana, haiwezi kuuzuia kila mara, ingawa hulinda fuvu vizuri sana. Povu gumu lililo ndani yake hubonyea na kupunguza nguvu ya pigo la moja kwa moja, ilhali mtikisiko husababishwa zaidi na kichwa kuzungushwa ghafla, ubongo, ambao ni laini mno, ukachelewa kulifuata fuvu na nyuzi zake zikavutika. Hilo mwanafizikia Holbourn wa Oxford alilieleza mwaka 1943, akitumia mifano ya jelatini. Ndiyo maana mtu anaweza kupata mtikisiko hata pasipo kichwa kugonga chochote. Hata hivyo, abiria wa Kampala asiifanye hoja hii kuwa ruhusa ya kupanda kichwa wazi: mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za afya, yalikadiria kwamba helmeti za pikipiki hupunguza hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na ya kifo kwa asilimia 42. Makadirio hayo, bila shaka, hayaihusu ile inayoning'inizwa kwenye usukani, wala ile ambayo mkanda wake wa kidevuni haujafungwa.