Mswaki wa umeme toka Marekani, niuchomeke?

SWALI: Dada shikamoo. Shemeji kaniletea mswaki wa umeme toka Marekani, ulikuja na chaji kidogo nimeutumia siku nne, sasa umezima naogopa kuuchomeka nisije nikauunguza. Halafu fizi zinatoka damu, ni kawaida? Msomaji, Tabata.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Geuza hiyo chaja usome maandishi madogo kwa chini, ukikuta 100-240V tafuta adapta ya pini tu uchomeke, ila ikiandikwa 120V peke yake usithubutu kabisa, umeme wetu ni 230 utaiunguza dakika hiyohiyo.

Damu sasa. Nahisi unausugua kama ule wa mkono, wengi tunaanza hivyo (hata mimi nilitoka povu la pinki wiki nzima). Huu haukandamizwi, unaushika kwa vidole tu unaupitisha jino kwa jino taratibu, kazi unafanya wenyewe, dakika 2 zinatosha. Damu ikizidi wiki mbili nenda kwa daktari wa meno, maana fizi zenye ugonjwa nazo hutoka damu.

Kichwa badilisha kila miezi 3, au mapema nywele zikitawanyika kama ufagio wa chelewa uliochoka, kwa hiyo ulizia mapema madukani kama vichwa vya aina hiyo vipo, visipokuwepo shemeji atabeba vingine akirudi. Na ukimaliza kupiga mswaki chomoa kichwa usuuze pale kinapoingilia, ukiacha utakuja kukuta uchafu mweusi umegandia humo, unateleza, utajuta.