Kutuliza Akili Ukiwa Umekalia Ndoo

Akinamama wanaoniuliza kuhusu yoga hapa Kigoma huanza kwa kunieleza kwa nini kwao haiwezekani. Chumba ni kimoja, watoto wanalia, redio ya jirani haizimwi, na kazi ya dagaa haina saa. Kwenye simu wamemwona msichana mwembamba amekaa juu ya jabali ufukweni, amefumba macho, hakuna hata kuku anayepita, wakaamua kwamba mambo haya ni ya watu wenye nafasi. Mimi mazoezi yangu ya asubuhi nayafanya mwaloni Kibirizi, ufukweni ambako wavuvi wanashusha dagaa, juu ya ndoo niliyoipindua, nikisubiri mitumbwi. Anayeijua Kibirizi alfajiri anajua kwamba ukimya si kitu utakachokipata pale.

Anayeishi kwa dagaa anajua pia usiku wake ulivyo. Wavuvi wanaingia ziwani jioni, wanawasha taa, wanarudi kunapambazuka, na wewe hujui watarudi na nini. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika, lakini marejesho ya mkopo wa kikundi hayapumziki. Kipindi cha mvua unaweza kununua mzigo mzuri, ukaanika vizuri, wingu likafunga mchana na dagaa wakaanza kunuka mbele ya macho yako. Na mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana, usingizi ulinihama kabisa. Nilikuwa naamka saa nane usiku napiga hesabu ya madeni, naifikisha mwisho, kisha naianza upya kana kwamba safari hii jibu litabadilika. Nesi aliyenipima presha ndiye aliyeniambia nianze na pumzi kabla sijafikiria jambo lingine lolote.

Basi tuanze hapo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi, kisha itoe polepole. Wengi, hasa vijana, watasikia mapigo yanakwenda mbio kidogo hewa inapoingia na kupungua inapotoka. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kushuka hadi kwenye moyo na tumbo, madaktari wanauita vagasi, na mojawapo ya kazi zake ni kuuzuia moyo usikimbie. Unapotoa pumzi, breki hiyo inakaza. Ndiyo maana nakwambia urefushe kutoa kuliko kuvuta: hesabu nne ukivuta kwa pua, hesabu sita ukitoa. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika, ambayo ni taratibu sana kuliko kawaida yetu. Usijikaze. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida, na siku nyingine hesabu tatu kwa nne. Usibane pumzi kifuani hata kama video inasema ubane.

Hiyo pekee inatosha kwa wiki za mwanzo. Naona watu wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani kama yoga, na nadhani ndiyo yenye faida kuliko zote.

Ukishazoea, kaa na pumzi hiyo bila kuhesabu. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, wakisema, "Dada, mimi akili yangu haitulii, inaenda tu." Itaenda. Ya kwangu inakwenda kwa mteja wa Dar es Salaam ambaye hajatuma hela, inapita kwenye ada, inarudi kwenye bei ya gunia. Hakuna aliyekuagiza uifute akili ibaki tupu. Kazi yako ni kugundua kwamba imeondoka na kuirudisha kwenye pumzi bila kujigombeza. Ikiondoka tena, unairudisha tena. Kule kuirudisha ndiko zoezi. Kwa hiyo siku ambayo akili imehangaika sana hujashindwa, umefanya mazoezi mengi. Na kelele za mwaloni zinasaidia kuliko unavyodhani: nasikiliza injini ya boti inayokuja, nasikiliza wapakuzi wanavyoitana, bila kujiuliza huyo amebeba nini na atauza kwa nani. Sauti ikipita, narudi kwenye pumzi. Macho nayaacha wazi, nikitazama mchanga, maana ukifumba macho Kibirizi unaweza kuyafumbua ndoo ya pili haipo.

Viungo nafanya jioni, nyumbani, kwa sababu mgongo wa mtu anayeinama kutwa akigeuza dagaa unadai haki yake. Mkeka wa ukindu unatosha kabisa, usinunue kitu. Napiga magoti na kuweka viganja chini, navuta pumzi huku nikiachia tumbo lishuke na kifua kifunguke, natoa pumzi huku nikiukunja mgongo kama paka aliyeshtuliwa. Taratibu, mara chache. Kisha nakalia visigino, nainama hadi paji la uso liguse mkeka, mikono mbele. Mwenye magoti mabovu aweke khanga iliyokunjwa kati ya mapaja na visigino. Namalizia kwa kulala chali, miguu nimeiegemeza ukutani, napumua ile pumzi ndefu mpaka watoto wanipate. Miguu iliyovimba kwa kusimama inaona raha ambayo siwezi kuieleza. Mjamzito asibane tumbo, na mimba ikishakuwa kubwa asilale chali kwa muda mrefu. Mwenye presha ya macho aachane na mikao ya kichwa chini.

Jirani yangu wa Ujiji, bibi mtu mzima, alinikuta nimeinama kwenye mkeka akaniuliza, "Mwanangu, kibla umekijua tangu lini?" Tulicheka, lakini swali lipo, na Waislamu kwa Wakristo wananiuliza: je, hii si ibada ya Kihindi? Sioni sababu ya kuzungukazunguka. Yoga imetoka India na kule imefungamana na dini. Kutafakari kwa namna hii nako Wabuddha wamekufanya kwa karne nyingi. Lakini mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn, huko Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, akachukua kutafakari na yoga nyepesi akaacha ibada nje. Ndicho ninachokifanya. Siimbi maneno nisiyoyajua, siwashi udi. Bibi mwenyewe huvuta tasbihi yake baada ya alfajiri, taratibu, na ukimtazama mabega utaona pumzi yake imeshuka bila kufundishwa na mtu. Kama dhamiri yako bado inakataa, fanya hivyo tu kwa sala unayoijua.

Lipo jambo moja ambalo video hazisemi. Mkoa huu una watu waliopita mengi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa 1996, na wapo miongoni mwetu waliokimbia wakiwa watoto. Kwa mtu wa namna hiyo, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kufungua mlango aliokuwa ameufunga kwa nguvu zake zote. Ikikutokea, fumbua macho, gusa chini, taja kwa sauti vitu unavyoviona, simama utembee. Usijilazimishe kurudi. Tembea tu ukihesabu hatua, na umtafute mhudumu wa afya uzungumze naye.

Kwangu usingizi ulirudi kidogokidogo. Madeni sikuyapumulia yakaisha. Niliyalipa kwa dagaa ziwa lilipofunguliwa. Bado kuna usiku naamka saa nane, ila siku hizi naweka mkono tumboni, narefusha pumzi, na mara nyingi sifiki kwenye jina la mdai wa pili. Mwenye vidonge vya presha aendelee navyo kama alivyoandikiwa, na akiona vipimo vinashuka, amwambie daktari apunguze yeye. Na kama ni majuma sasa huna hamu ya kula, ya kazi, hata ya kuishi, usianzie kwenye ndoo wala mkeka. Anzia hospitali, leo.