Maswali ya Wasomaji: Wahindi na Wapakistani wa Uingereza, nani ana hali nzuri?

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja, uchumi wa Wahindi na Wapakistani walioko Uingereza. Tumechagua tano. Majibu ni ya dawati letu la uchumi na takwimu.

SWALI: Mhariri, salaam. Hapa kijiweni ubishi hauishi. Mmoja anasema Wahindi wa Uingereza wameshawapita hata Wazungu wa huko kwa kipato, na Wapakistani ndio wa mwisho kabisa. Mwingine anasema wote ni wale wale, Wahindi tu. Nani mkweli? – J., Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Wa kwanza yuko karibu na ukweli, ila hilo neno "wa mwisho kabisa" alifute. Wa pili anaponzwa na Kiswahili chetu. Kwetu "Mhindi" ni kapu moja la Mgujarati, Kalasinga, Mgoa na hata Mpunjabi aliyetoka upande ambao leo ni Pakistani. Fomu za Uingereza humtenganisha Mhindi, Mpakistani na Mbangladeshi, na tofauti zao si ndogo.

Anza na mshahara. Takwimu za taifa za mwaka 2018 zinaonyesha mwajiriwa wa katikati akilipwa hivi kwa saa: Mhindi pauni 13.47, Mzungu wa Uingereza 12.03, Mpakistani 10.00, Mbangladeshi 9.60. "Wa katikati" maana yake ni hii: panga waajiriwa 101 kwa mstari, kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa nono, kisha muulize yule wa 51. Kwa njia hiyo tajiri mmoja mwenye viwanda hawezi kuwapandishia wenzake hesabu, kama anavyofanya kwenye wastani wa kawaida.

Sasa mali, yaani nyumba, akiba, pensheni na vitu vya ndani, ukishaondoa madeni. Kati ya 2016 na 2018 kaya ya katikati ya Wahindi ilikuwa na takriban pauni 347,000, ya Wazungu wa Uingereza 314,000, ya Wapakistani 232,000, ya Wabangladeshi 66,000, na ya Waafrika weusi 34,000. Kwa hiyo anayemcheka Mpakistani kijiweni hapo aangalie kwanza jamaa zake mwenyewe wako mstari gani.

Linganisha Mpakistani na Mbangladeshi kidogo. Kwenye mshahara wameachana kwa senti 40 za pauni, lakini kwenye mali mmoja ana mara tatu na nusu ya mwenzake. Sehemu kubwa ya siri hiyo ni nyumba. Wapakistani wengi walifikia miji ya viwanda kama Bradford, Oldham na Burnley, ambako nyumba za mstari zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda ziliuzwa kwa bei ya chini. Walizinunua kwa fedha za ndugu na kwa kameti, ambayo ni upatu huu huu wetu: watu kumi wanachanga kila mwezi, anapokea mmoja. Familia nyingi za Kibangladeshi zilifika baadaye, hasa miaka ya 1980, zikakaa mashariki mwa London kwenye nyumba za kupanga za halmashauri. Kati ya 2016 na 2018, kaya zilizokuwa na nyumba zao zilikuwa asilimia 74 kwa Wahindi, 58 kwa Wapakistani na 46 kwa Wabangladeshi.

SWALI: Shikamooni. Jirani yangu ni Mpakistani, mumewe dereva wa teksi. Nyumba ni yao, magari mawili nje. Halafu nasoma kwamba karibu nusu ya Wapakistani wa Uingereza wanahesabiwa maskini. Huo umaskini mbona siuoni? Takwimu zinadanganya? – Mama H., Leicester

JIBU: Marahaba, mama. Hazidanganyi, ila zinajibu swali jingine, si lile unalouliza ukiwa dirishani.

Kwanza, umaskini huko hupimwa kwa kipato, haupimwi kwa mali. Kaya ni maskini ikiwa kipato chake kiko chini ya asilimia 60 ya kile cha kaya ya katikati nchini. Mtu anaweza kumiliki nyumba Bradford na bado akaangukia chini ya mstari huo. Hilo "karibu nusu" nalo ni hesabu ya baada ya kutoa gharama za nyumba. Ukiisoma kabla ya kuzitoa, inashuka. Gazeti lisipokuambia limetumia ipi, liweke pembeni.

Pili, jirani yako hayumo kabisa kwenye zile pauni 10 kwa saa, ikiwa teksi ni yake. Takwimu za mshahara ni za walioajiriwa tu. Kwa Wahindi kasoro hii si kubwa hivyo, lakini kwa Wapakistani inauma: sensa ya 2001 ilikuta mwanamume mmoja kati ya sita wa Kipakistani wenye kazi ni dereva wa teksi au wa kukodiwa. Ukitumia mshahara peke yake, umewaacha watu hawa barabarani.

Tatu, wangapi wanakula chungu kimoja? Watakwimu hugawa kipato kwa uzito wa kaya. Mtu mzima wa kwanza ana uzito wa 1, kila mwingine wa miaka 14 na zaidi 0.5, na kila mtoto wa chini ya hapo 0.3. Chukua kaya mbili za mfano:

Ya kwanza ina baba, mama na mtoto wa miaka 9. Uzito ni 1 + 0.5 + 0.3 = 1.8. Wakiingiza pauni 3,600 kwa mwezi, gawa kwa 1.8, unapata 2,000.

Ya pili ina baba, mama, babu, kijana wa miaka 16 na wadogo watatu. Uzito ni 1 + 0.5 + 0.5 + 0.5 + 0.9 = 3.4. Wakiingiza pauni 4,080, gawa kwa 3.4, unapata 1,200.

Kaya ya pili inaingiza pauni 480 zaidi kila mwezi, na bado ina hali ngumu kuliko ya kwanza. Kaya za Wapakistani kwa kawaida ni kubwa kuliko za Wahindi, kwa hiyo asiyefanya mgawanyo huu anawapendelea bila kujua.

La nne ni idadi ya mishahara. Mwishoni mwa miaka ya 2010, karibu wanawake saba kati ya kumi wa Kihindi walikuwa na ajira. Kwa Wapakistani na Wabangladeshi wakiwekwa pamoja ilikuwa kama wanne kati ya kumi. Tukilazimishwa kuchagua tarakimu moja inayoeleza pengo la kipato cha kaya, tungechagua hii kabla ya zile za mshahara kwa saa.

Na mumewe akizeeka? Tangu Oktoba 2012 waajiri wa Uingereza walianza kulazimishwa kumwandikisha mfanyakazi kwenye pensheni na kumchangia. Aliyejiajiri hakuguswa na sheria hiyo. Dereva asipojiwekea mwenyewe, atakuwa na nyumba bila pensheni ya kazi.

SWALI: Je, si kweli kwamba Wahindi wa Uingereza walianza mbele kwa sababu wengi walitoka kwetu huku na pesa za maduka? – A.S., Mombasa

JIBU: Wengi walitoka huku kweli. Hizo pesa ndizo hazikutoka.

Waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwezi Agosti 1972 walipewa siku 90. Takriban 28,000 waliishia Uingereza, na familia iliruhusiwa kutoka na kama pauni 50 tu. Duka, nyumba na akaunti ya benki vilibaki. Wa Kenya walianza kuondoka mapema zaidi, baada ya sheria za mwaka 1967 kuwabana wasio raia kwenye leseni za biashara na vibali. Uingereza ikashtuka, ikapitisha sheria Machi 1968 kwa siku chache kuwazuia watu wenye pasipoti zake yenyewe, ikawawekea vocha 1,500 kwa mwaka. Wa Tanzania wengi waliondoka baada ya nyumba za kupangisha kutaifishwa mwaka 1971. Hata mapokezi hayakuwa ya bashasha. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda mwaka 1972 kuwasihi wasije mjini kwao.

Walichobeba hakikaguliki forodhani. Watoto walikuwa wamesoma kwa Kiingereza, na wazee wengi waliwahi kuwa makarani, walimu au washika fedha. Mwenye duka alijua kuandika daftari la mali na deni. Tena walikuja familia nzima kwa mpigo, baba, mama na bibi, hivyo mama aliingia kiwandani mapema. Kazi hizo hazikuwa za heshima. Jayaben Desai, aliyeongoza mgomo wa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha London, mwaka 1976, alikuwa ameishi Tanzania kabla ya kwenda Uingereza. Zaidi ya hayo, familia hizi zilikuwa zimeshahama mara moja. Kutoka kijiji cha Gujarat hadi Kisumu, Jinja au Mwanza ndiko walikojifunza kuishi mjini ugenini; Leicester ilikuwa darasa la pili.

Sasa weka pembeni yao mtu wa Mirpur, Kashmir ya upande wa Pakistani, anakotoka Mpakistani wa Uingereza mara nyingi. Huyu alikuwa mkulima wa shamba dogo. Bwawa la Mangla lililokamilika mwaka 1967 lilifunika ardhi ya eneo lake na kuwahamisha watu zaidi ya 100,000. Wanaume wengi walikuwa wametangulia peke yao, wakikimbilia kuingia kabla sheria ya uhamiaji ya 1962 haijafunga mlango, wakaajiriwa kwenye viwanda vya sufu vya Bradford, hasa shifti za usiku, na kwenye viwanda vya kuyeyushia chuma Birmingham na jirani zake. Nia ilikuwa kurudi, kwa hiyo pesa ilitumwa nyumbani, na Kiingereza kilionekana hakina haraka. Shifti nzima ilizungumza lugha ya kijijini.

Halafu viwanda vikafa, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Mwanamume wa miaka 45, bila cheti, bila Kiingereza cha kutosha, familia ndiyo kwanza imewasili, atafanya nini? Teksi, au duka la kona. Kwetu sisi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote: mji wao ulipoteza kazi wakati watoto ndio wanaanza shule. Leicester nayo ilipoteza viwanda vya nguo na soksi, lakini waliokuwa na daftari la duka kichwani walihamia Belgrave Road wakafungua maduka ya sari, dhahabu na vyakula.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Tarakimu za leo za Wahindi zimepandishwa pia na madaktari na wataalamu wa kompyuta walioingia kwa viza za kazi, ambazo huchuja watu kwa ajira na ujuzi. Wapakistani wengi wameingia kwa njia ya ndoa, na bibi harusi haombwi shahada. Anayelinganisha makundi haya mawili bila kutenga waliofika juzi analinganisha sera za viza.

SWALI: Dini ina mchango? – Msomaji, Kampala

JIBU: Dini peke yake haielezi. Waismailia, Mabohora na Makhoja wa Ithnaasheri waliotoka Kampala, Dar es Salaam na Mombasa ni Waislamu, na historia yao ya kiuchumi Uingereza inafanana zaidi na ya Wahindu wa Leicester kuliko ya watu wa Mirpur. Ubaguzi wa waajiri ni suala jingine, na huo upo. Watafiti wa Nuffield College, Oxford, walitoa mwaka 2019 matokeo ya jaribio la kutuma maombi ya kubuni kwa kazi karibu 3,200, sifa zikiwa sawa na majina tofauti. Mwombaji mwenye asili ya Pakistani alihitaji kutuma maombi asilimia 70 zaidi ya Mzungu wa Uingereza ili apate idadi ile ile ya majibu mazuri.

SWALI: Nasoma Birmingham, nataka kulinganisha Wakenya na Wasomali wa hapa kwa njia hii hii. Nianzie wapi? – Mwanafunzi

JIBU: Anzia kwenye sensa ya 2021, iliyo wazi kwenye tovuti ya takwimu iitwayo Nomis na ile ya Ofisi ya Takwimu ya Uingereza, ambako unaweza kujitengenezea jedwali. Ila jua mapema kwamba sensa ya England na Wales haiulizi kipato. Utapima kwa vitu vinavyokaribia: umiliki wa nyumba, aina ya kazi, elimu, msongamano wa vyumba na idadi ya magari.

Mtego mkubwa uko kwenye neno "Mkenya". Ukichagua "aliyezaliwa Kenya" utavuna Wagujarati na Makalasinga wengi waliozaliwa Nairobi na Kisumu, wazee wenye nyumba zilizokwisha kulipiwa mkopo, na jedwali lako litawatajirisha Wakenya weusi bila wao kujua. Lazima ukate mara mbili: nchi ya kuzaliwa, kisha kabila lililoandikwa kwenye fomu. Kwa Wasomali mtego ni wa kinyume. Wengi wa vijana wamezaliwa Uingereza au Uholanzi, na wapo pia Wasomali waliozaliwa Kenya, kwa hiyo nchi ya kuzaliwa itawapoteza; tumia walivyojiandika wenyewe kwenye kipengele cha Mwafrika mweusi.

Kisha linganisha umri ule ule, tuseme miaka 30 hadi 44, ndani ya jiji hilo hilo. Wanafunzi uwatenge. Kumbuka pia sensa ilifanyika tarehe 21 Machi 2021, wakati wa korona, ambapo wengi walikuwa nyumbani wakilipwa bila kufanya kazi, hivyo safu ya ajira isome kwa tahadhari. Na kundi lako likikatwakatwa mno, mfumo utakunyima jedwali ili kulinda siri za watu. Hapo unganisha Birmingham na Coventry na Wolverhampton, au upunguze safu za kazi kutoka tisa hadi tatu.